Nimewaahidi hakuna fimbo, sasa darasa limenishinda. Nianze upya Julai?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro, nje kidogo ya mji. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Naomba jina langu na la shule visitajwe. Mwaka huu nimepewa darasa la nne, mkondo B. Kwenye daftari la mahudhurio wapo 94. Siku ya gulio wanapungua hadi sabini na kitu, siku nyingine wanajaa wote na dawati moja linakaliwa na wanne, wa mwisho mguu mmoja uko nje njiani.

Januari nilianza vizuri. Wiki ya kwanza tulitunga sheria za darasa pamoja, tukaziandika kwenye manila na kuibandika ukutani: kunyoosha mkono kabla ya kuongea, kwenda chooni kwa zamu, kutoazimana penseli katikati ya somo, na nyingine kadhaa. Nikawaambia na jambo moja ambalo halikuandikwa: darasani kwangu hakuna fimbo. Mimi nilisoma kwa kuchapwa, na hisabati niliichukia mpaka nafika chuo cha ualimu. Watoto walishangilia. Hadi mwezi wa tatu darasa lilikuwa linakwenda, hata ofisini wenzangu walikuwa wakisema 4B wametulia.

Tuliporudi kutoka likizo fupi mambo yakaanza kulegea. Ile manila imechanika pembeni na hakuna anayeiangalia. Wakitoka mapumziko, robo nzima ya kipindi inaisha wakigombea viti na kutafuta madaftari. Nikitoa zoezi la hisabati, anayemaliza anakuja mezani kusahihishiwa, foleni inafika mlangoni, na huko nyuma wengine wanacheza visoda. "Mwalimu, huyu kanichukulia ufutio." "Mwalimu, naomba kwenda nje." Nikisema kimya, wananyamaza kidogo tu halafu wanaendelea pale walipoishia. Nimejaribu kupiga makofi, nimejaribu nyimbo, nimejaribu kusimama mbele bila kusema neno mpaka wanyamaze. Kila njia inafanya kazi siku mbili tatu, kisha inazoeleka.

Nilimpa kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Mwezi wa tano mama mmoja akaja shuleni kulalamika kuwa mwanawe kila siku anatoa ubuyu ili asiandikwe.

Jirani yangu wa 4A ni mwalimu mkongwe, kaka ambaye namheshimu sana. Tunatenganishwa na ukuta tu. Kelele zikizidi anaingia na fimbo yake, anachukua ile karatasi ya kiranja, anawachapa walioandikwa, anatoka. Darasa linatulia kama maji mtungini mpaka kengele. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu: anapotoka napata nafuu. Kipindi hicho nafundisha vizuri kabisa. Jioni nikiwa nyumbani ndipo aibu inanishika. Siku moja msichana mmoja, mpole, ambaye hata jina lake kulisikia kwenye kelele ni nadra, aliniuliza, "Mwalimu, si ulisema hakuna fimbo?" Sikuwa na la kumjibu.

Kabla hatujafunga shule mwezi wa sita, mwalimu mkuu aliniita. Aliongea kwa upole lakini nilimwelewa. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne uko mwezi wa kumi, na matokeo ya mtihani wa muhula hayakumfurahisha. Amenipa mpaka likizo fupi ya Septemba. Darasa lisipotulia, atampa mwalimu mwingine.

Wenzangu wanasema nishike fimbo, watoto wenyewe wameizoea majumbani kwao. Mume wangu anasema niombe darasa la pili, wadogo ni watiifu. Mimi moyoni nataka Julai nifute kila kitu, nianze kama Januari: sheria mpya, mpangilio mpya wa kukaa, kiranja mpya. Ila naogopa. Ukibadilisha mambo katikati ya mwaka, watoto si watajua kwamba mwalimu ameshindwa? Na wakishajua hilo, nitawarudishaje?

Mwalimu wa 4B

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole na kazi. Watoto 94 kwenye chumba kimoja ni kijiji, na wewe ni mtu mmoja mwenye chaki.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona ndani yake mambo matatu yameshikana. Kuna kelele za darasa. Kuna ahadi uliyoitoa Januari, inayovunjwa na mkono wa mtu mwingine huku wewe umesimama pale pale. Halafu kuna mwalimu mkuu na Septemba yake. Ile tarehe ndiyo inayokufanya uyaone yote matatu kama jambo moja linalodai dawa moja, kubwa, ya haraka. Naomba tuyatenganishe kidogo.

Nianze na hofu yako ya mwisho, kwamba ukibadilisha katikati ya mwaka watoto watajua umeshindwa. Ni watoto gani hao? Mtoto wa miaka tisa au kumi anaona mambo ya shule yakibadilika kila leo: ratiba, zamu za usafi, mwalimu kaenda likizo ya uzazi, madawati yamehamishiwa darasa jingine. Haulizi nani ameshindwa. Anauliza leo tunakaa wapi. Nadhani macho unayoyaogopa yako ofisini, kwa wale waliosema mwezi wa tatu kwamba 4B wametulia. Hofu hiyo siidharau, nimekaa kwenye ofisi za walimu miaka mingi na najua maneno yanavyotembea kati ya kikombe cha chai na kitafunwa. Ila ni hofu ya watu wazima. Ukiipeleka darasani utafanya maamuzi ya watoto kwa kuwaangalia wakubwa.

Tena Julai si katikati kwa maana ya kukata kitu kilichokuwa kinakwenda. Muhula unafunguliwa, wengine hawajashika kalamu mwezi mzima, wapo waliohama na wapo waliohamia. Hata hao waliobaki si wale wa Januari. Januari walikuwa hawakujui. Sasa wanajua sauti yako ikifika wapi hufanyi kitu, wanajua dakika gani umechoka, wameshapata marafiki wa kupiga nao soga. Kanuni zilizowatosha wageni hazikupaswa kuwatosha wenyeji. Kwa hiyo kulegea kwa mwezi wa nne nakuona ni kawaida ya darasa lolote, hata la mwalimu mkongwe.

Sasa turudi kwenye kelele zenyewe. Unasema darasa limekushinda, lakini barua yako inasema jambo dogo zaidi ya hilo. Umetaja nyakati mbili: wakirudi kutoka mapumziko, na wakati wa kusahihisha. Hukuniambia kwamba wanapiga kelele ukiwa unaeleza somo ubaoni. Hukuniambia asubuhi ya kwanza ikoje. Labda kote ni kelele na umefupisha tu, wewe ndiye unayejua. Ila kama ni nyakati hizo mbili, basi una darasa linalofanya kazi lenye mashimo mawili.

Shimo la kusahihisha tulipigie hesabu, maana wewe ni mwalimu wa hisabati. Daftari moja likichukua nusu dakika tu, madaftari 94 ni dakika 47. Kipindi chako ni dakika 40. Yaani hata ungekuwa malaika, foleni ile haiwezi kuisha, na mtoto aliyesahihishiwa wa kwanza anakaa zaidi ya nusu saa bila kazi. Huyo ndiye anayetoa visoda mfukoni. Sioni hapo dharau. Naona mtoto aliyemaliza kazi yake na hana nyingine.

Kuna mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, aliyechunguza madarasa kwa kurekodi video na kutoa matokeo yake mwaka 1970. Alitegemea kuona kwamba walimu wenye madarasa tulivu wanajua kukemea kuliko wenzao. Hakukuta hivyo. Namna ya kukemea ilikuwa haiwatofautishi. Kilichowatofautisha ni yale yaliyofanyika kabla ya kosa: somo lilivyotiririka bila kukatika, jinsi mwalimu alivyojua kinachoendelea nyuma huku anashughulika na mbele, na kila mtoto kuwa na cha kufanya. Madarasa ya Marekani hayana watoto 94, hilo nalijua. Lakini foleni yako mezani inafanya mambo mawili kwa mpigo: inakukinga usione nyuma, na inawaacha waliomaliza mikono mitupu.

Kwa hiyo, kuanza upya. Ninauona mvuto wake, maana ukurasa mweupe unampa mtu nguvu. Hatari yake ni kwamba manila mpya yenye sheria kumi itadai ufundishe mambo kumi kwa watoto 94 kwa wakati mmoja, na kila moja linakutegemea wewe kulisimamia. Umeshaonja makofi na nyimbo, zikadumu siku mbili tatu. Sheria kumi zinaweza kudumu wiki mbili, na Agosti ukajikuta umechoka kuliko Juni. Upande wa pili, ukigusa jambo moja tu, wenzako na mwalimu mkuu huenda wasione mabadiliko yoyote, na wewe muda umebanwa. Hilo ni la kupima.

Kama ungechagua kugusa machache, ningefikiria yale mashimo mawili. Baada ya mapumziko, kwa mfano, maswali matatu mepesi yawe tayari ubaoni kabla hawajaingia, na madaftari yawe juu ya dawati tangu walipotoka, kila mtu akiketi anaanza. Linasikika rahisi. Gharama yake ni kwamba wewe uwe darasani kabla ya kengele, maana yake chai yako unaiacha nusu, kila siku, hata siku mvua inanyesha na kuna maandazi ya moto. Siku utakayochelewa mara tatu mfululizo, utaratibu umekufa. Na wiki ya kwanza utaufundisha kama somo: wanatoka nje, wanaingia, wanatoka tena, wanaingia. Watacheka. Acha wacheke.

Kusahihisha nako kuna njia zaidi ya moja. Wapo wanaozunguka na kalamu kwenye madawati badala ya kuita foleni. Lakini umeniambia miguu iko njiani, sijui kama unaweza hata kupita. Huenda mpangilio wa madawati ndio utangulie. Wapo wanaoandika majibu ubaoni na watoto wakabadilishana madaftari, mwalimu akachukua safu moja tu kila siku kusahihisha kwa kina. Hapo angalia: wathibiti ubora wa shule wakija wanafungua madaftari kutafuta kalamu nyekundu ya mwalimu, na mzazi naye anatafuta "vema" yake. Ukibadilisha bila kumwambia mwalimu wa taaluma, unaweza kuonekana mvivu. Na kwa yeyote aliyemaliza, lazima kuwe na kazi ya pili inayojulikana, ambayo haihitaji kukuuliza.

Kiranja. Unataka kumbadilisha, na mimi nauliza kama tatizo ni mtoto au ni karatasi. Karatasi ile ina bei, kwa sababu jina likiandikwa kuna fimbo inayokuja kulikusanya. Ukimpa mtoto mwingine kesho, ubuyu utabadili mfuko tu. Unaweza kumwachia kiranja cheo chake ukambadilishia kazi: agawe madaftari, ajaze maji ya kunawa, asimamie zamu ya kudeki, na zamu yenyewe izunguke dawati kwa dawati ili kila mtu aonje. Mwanzoni madaftari yatapotea na watagombana. Na yule kiranja wa sasa ataona amenyang'anywa, hata kama humwambii kitu, kwa hiyo angehitaji neno la faragha. Ana miaka kumi, mwanangu. Alipewa mamlaka ambayo watu wazima wengi yangewashinda.

Fimbo sasa. Wenzako wanaokuambia uishike hawakutakii mabaya, wanakupa walichopewa. Ila ujue upande wa kanuni. Kwa Tanzania Bara, kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mtu kuingia darasa la mwenzake na kuchapa kwa orodha ya kiranja hakumo humo. Siku mtoto akiumia, watauliza darasa lilikuwa la nani, na jibu ni wewe. Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na walimu wao hadi leo wanahangaika na kelele kama wewe, kwa hiyo sitakuambia kwamba kuacha fimbo peke yake ni dawa.

Kuhusu ile nafuu, usijitese nayo. Mtu aliyefundisha kwa kupaza sauti wiki nzima, ukimpa dakika ishirini za utulivu atashukuru mwili mzima. Ningependa tu ujiulize nafuu ile inatokana na nini hasa. Ni ukimya? Au ni kwamba kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu mzima mwingine ameingia chumbani na kubeba sehemu ya mzigo? Kama ni la pili, kaka yako wa 4A anaweza kuwa msaada wa namna nyingine. Mnaweza kubadilishana vipindi. Anaweza kuja kukaa nyuma dakika kumi za baada ya mapumziko, mikono mitupu, wiki mbili za mwanzo wa muhula. Kumwambia aache kuingia na fimbo ni kazi ngumu, ni mkubwa kwako na yeye anaamini anakusaidia. Ofisini mbele ya watu atakasirika. Ukimfuata pembeni na kumwambia, "Kaka, nakushukuru kwa kunisaidia, ila naomba sasa unisaidie hivi," huenda akasikia. Huenda pia asisikie, na hapo utahitaji mwalimu mkuu, jambo litakalogharimu ujirani wenu.

Darasa la pili silipingi. Mumeo anakuonea huruma. Ila anayesema wadogo ni watiifu hajawahi kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu watoto themanini ambao nusu yao penseli zimevunjika. Wapo walimu wanaochanua kwa wadogo, na kama moyo wako uko huko, si aibu. Ujipime tu kama unaenda huko au unatoka hapa. Ofisi itasema unatoka hapa, vyovyote itakavyokuwa.

Halafu yule msichana. Swali lake linabaki mezani hata ukichagua njia ipi, na nadhani hakuuliza kwa niaba yake peke yake. Januari uliahidi jambo kwa niaba ya chumba ambacho mlango wake wanaufungua na wengine. Ukirudi Julai ukasema tena "hakuna fimbo" kabla hujaongea na jirani yako, itavunjwa mara ya pili, na ya pili huuma zaidi. Ukinyamaza, nao watajua. Kuna la katikati: kuwaambia kile kilicho mikononi mwako tu, kwamba mimi sitawachapa, na kwamba yaliyotokea muhula uliopita sikuyapenda na ninayashughulikia. Baadhi ya walimu wataona unajishusha kwa watoto. Sijui wewe utajisikiaje kuyasema. Yajaribu kwa sauti nyumbani kwanza.

La mwisho ni mwalimu mkuu. Alisema darasa "litulie". Umemuuliza kutulia ni nini? Akipita dirishani asisikie sauti, au alama zipande? Ni vitu viwili. Darasa linaweza kuwa kimya na lisijue kugawanya, na linaweza kuwa na mnong'ono wa kazi likafaulu. Kumfuata wiki ya kwanza ya Julai kuna hatari yake, utakuwa umekiri kwamba hali ni mbaya. Lakini amekwisha kuijua. Ukienda na kitu cha kuhesabika, kwa mfano dakika ngapi zinapita kati ya kengele ya mapumziko na kalamu ya kwanza kugusa daftari, utakuwa na cha kumwonyesha Septemba zaidi ya "wametulia kidogo". Kama shuleni kwenu jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, inakutana kweli, na si kwenye karatasi tu, hilo la foleni ya kusahihisha lipeleke pale. Sidhani kama ni 4B peke yake.

Ukishaongea naye, niandikie alisema kutulia ni nini. Jibu lake linaweza kubadilisha nusu ya haya niliyokuambia.